Mwendo wa Arobaini hadi Ikola

Nyie wenzangu wa kwaya, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje mkachelewa vile na gari mnalo? Nimechoka kulijibu kwa vipande huku nimebeba kapu kichwani. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache. Na Baba Editha akitaka kusoma, asome. Nimeshamwambia yote haya usoni, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa watu wa kanisani.

Wengine mmehamia Kibaoni juzi, hamtujui vizuri, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Ikola, kule ziwani. Mume wangu, huyo Baba Editha, ni Msukuma, alikuja huku Mpimbwe na ng'ombe za baba yake akiwa kijana, sasa tunalima mpunga. Mama yangu bado yuko Ikola. Macho yake yalianza kuona ukungu, ukungu ukawa pazia, na mwaka wa pili huu alikuwa haoni kitu zaidi ya mwanga wa mlangoni. Mtoto wangu wa mwisho, Mama amemjua kwa kumpapasa tu. Basi likasomwa tangazo kwamba madaktari wa macho wamefika Mpanda, wanatoa mtoto wa jicho, na mwisho wa kupokea wagonjwa ni Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo wanafunga mizigo, na watarudi lini hakuna anayejua.

Wiki ile ndiyo mafuta yalikuwa yameadimika, mnakumbuka wenyewe. Basi la Ikola lilikuwa limepaki, makondakta wanacheza bao. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumleta Mama isipokuwa sisi, na gari letu dogo, na mafuta yale yale tuliyokuwa nayo kwenye tangi. Tukatoka Alhamisi asubuhi.

Kibaoni hadi Sitalike

Gari hili Baba Editha alilinunua mwaka huu, mtumba wa Kijapani. Kwenye dashibodi lina kiskrini chenye namba inayobadilika kadiri unavyokwenda. Pembeni ya namba kuna maandishi ya Kijapani, kama uzi uliojikunja, kisha doa jeusi pale skrini ilipokufa, kisha herufi moja tu inayosomeka: L. Siku ya kwanza kabisa Baba Editha aliamua kwamba L ni lita, na kwamba namba ile ndiyo mafuta yanayonywewa. Akaanza kutafuta mwendo ambao namba inakuwa ndogo. Wiki nzima alikuwa akienda Usevya na kurudi, mara kwa thelathini, mara kwa sitini, anarudi ametoa macho kama mtu aliyetoka kwenye mtihani. Mwisho akatangaza matokeo tukiwa mezani.

"Mwendo wa gari hii ni arobaini," alisema. "Ukikimbia sabini inakunywa kumi na nne. Arobaini inakunywa tisa tu. Chini ya hapo hatufiki."

Mimi nikamwamini. Kijapani chenyewe sikijui, na yeye ndiye aliyekuwa amekesha na kile kiskrini.

Basi tukaingia hifadhini kwa arobaini. Sina ugomvi na arobaini hifadhini, wanyama wana haki yao. Ugomvi wangu ulikuwa kiyoyozi. Alikizima, akasema kinanyonya injini. Nikafungua kioo, mbung'o wakaingia. Nikafunga kioo, tukaanza kuiva. Nikafungua tena, mbung'o mmoja akanichoma shingoni kupitia kola ya gauni, wakaingia wenzake, na kila tukipunguza mwendo kwenye kona wanaongezeka. Nikamwambia Baba Editha kwamba kwa mwendo huu wadudu hawa wanaweza kututangulia, wakatusubiri Sitalike. Hakucheka. Alikuwa anatazama namba.

Katikati ya pori gari la askari wa hifadhi likatukuta, likapunguza, likaenda sambamba na sisi. Askari akatoa kichwa.

"Shikamoo mama. Mmeharibikiwa?"

"Marahaba. Hatujaharibikiwa, mwanangu. Tunaokoa mafuta."

Aliangalia matairi yetu, akaangalia uso wa Baba Editha, akatuambia kwa upole kwamba kama gari ni bovu tuseme, wanayo kamba. Baba Editha akajibu kwamba gari ni zima kabisa. Askari akatikisa kichwa wakaondoka, na vumbi lao lote likaingia kwangu.

Sitalike hadi Mpanda

Pale Sitalike inaanza lami. Nikasema moyoni, sasa tutakwenda kama watu. Wapi. Arobaini. Kwenye lami nyoofu, tupu, asubuhi, arobaini. Malori yakatupita, nikanyamaza. Noah zikatupita, nikanyamaza. Ikatupita pikipiki iliyofungwa godoro la sita kwa sita na juu ya godoro amekaa mwanamke na beseni. Yule mwanamke akanipungia mkono. Hapo nikashindwa.

"Baba Editha, hata yule mwenye godoro?"

"Muache. Yeye haangalii anakunywa ngapi."

"Mama yangu anasubiri."

"Mama yako atafika, na mafuta yatabaki. Nyie wanawake mnataka kukimbia tu halafu tulale porini. Sheli hazina kitu, bhana, unajua mwenyewe."

Kweli sheli hazikuwa na kitu. Mpanda mjini tulizunguka mbili zimefungwa kamba, ya tatu ina foleni ya madumu na pikipiki mpaka barabarani, na kila gari linapewa lita chache tu na kuondoka. Tulisubiri pale mpaka jua likasimama utosini, ndipo nasi tukapewa lita zetu chache. Wakati huo wote Baba Editha hakuzima injini. Nikamuuliza kwa nini, akasema kuwasha upya ndiko kunakokula mafuta, gari likiwa limesimama linanguruma tu halinywi kitu. Nikawa na njaa mno kubishana. Nikashuka nikaenda mgahawani kando ya barabara, nikaagiza wali na maharage. Nikaletewa wali na kuku. Nikasema sikuagiza kuku, dada akasema maharage yameisha kwa hiyo nimeongezewa kuku, nilipe vya kuku. Nikala kuku yule kwa hasira. Mguu wote ulikuwa mgumu, nikamwachia Baba Editha paja.

Mpanda hadi Ikola

Kutoka Mpanda kwenda ziwani, barabara ni lami kidogo, halafu ni ya vumbi iliyochongwa vizuri, halafu ni ya yeyote aliyepita mwisho na greda. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili nyuma. Arobaini yetu tukaendelea nayo. Mimi nikalala, nikaamka, bado mti ule ule.

Tulipopita Kabungu tukamkuta mzee anakokota baiskeli ya mkaa. Baba Editha akasimama, akamsalimia, akamuuliza mpaka kijiji cha mbele ni mwendo gani.

"Mwendo mdogo tu," mzee akasema. "Mdogo kabisa."

Baba Editha akafurahi. Akaniambia kama ni karibu hivyo tunaweza kujiachia kidogo, nami nisiseme kwamba hajui kukimbia. Kwa mara ya kwanza tangu Kibaoni akakanyaga. Tukapinda kona kwa kasi, na mbele yetu kalavati lilikuwa limeondoka na mvua, limebaki shimo na njia ya mchepuko iliyojaa matope. Alilikwepa lile shimo, sikatai, lakini gari likaingia kwenye matope mpaka tumboni.

Tulikaa pale. Nilivua viatu nikasukuma, nikachafuka mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Gari halikutikisika hata kidogo. Baada ya muda mrefu tukasikia mnyororo wa baiskeli unalia, mzee wa mkaa akatufikia, akasimamisha baiskeli yake, akatutazama.

"Si niliwaambia mwendo mdogo?" alisema. "Nikawaambia na mdogo kabisa."

Alikuwa anatuonya tuendeshe polepole. Baba Editha alikuwa amemuuliza umbali. Wote wawili walikuwa wamesema Kiswahili safi na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa na matope mdomoni. Mzee akaenda kuita vijana shambani, wakaja na majembe na miti, wakatutoa, na Baba Editha akawaachia mkungu wa ndizi niliokuwa nimemchukulia Mama. Wakati wote ule injini ilikuwa inanguruma. Mshale wa mafuta sikuutazama. Ningeutazama ningelia.

Halafu ikaja ile miteremko ya kushukia ziwani. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipoanza kushuku, ila sikujua nashuku nini. Gari lilipoanza kuteremka, Baba Editha ametoa mguu kwenye mafuta, linajiendea lenyewe, ile namba ikapanda. Ishirini. Thelathini. Hamsini. Akashtuka.

"Ona! Mteremkoni inakunywa balaa!"

Akakanyaga breki. Namba ikashuka, akatulia. Akaachia breki, namba ikapanda, akakanyaga tena. Tuliteremka mlima mzima hivyo, tunajikwaa jikwaa, mpaka breki zikaanza kunuka kama nywele zilizoungua. Nikamwambia inawezekanaje gari linywe zaidi likiteremka kuliko likipanda. Akasema Wajapani wana akili zao. Jua lilikuwa linazama tulipoingia Ikola.

Ikola

Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu mchana. Alisikia gari, akasimama, akanyoosha mikono mbele akanipapasa uso, mabega, akauliza kwa nini nina matope. Nikamwambia tumefika salama.

Sasa lazima niwaeleze jambo la mkwe, maana wengine kwenu mmeacha. Kwa Wasukuma, na kwetu pia, mama mkwe na mkwewe wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na ikiwezekana hawaongei. Mama alimwoza binti yake kwa Baba Editha na hakuwahi kumtazama machoni. Zamani, kabla macho hayajaharibika, walipokutana njiani yeye alivuta kanga akageukia kichakani, na mume wangu akageukia kichaka cha upande wa pili. Mkiwaona mtadhani wamegombana. Kumbe ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hiyo jioni ile Baba Editha alikaa nyuma ya nyumba na mume wa jirani yetu Mama Zubeda. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma, na huko Ikola mgebuka unachomwa mpaka mafuta yake yanatiririka mkononi. Mama mwenyewe ndiye aliyewapanga samaki juu ya moto, kwa kugusa. Nilikuwa napeleka sahani nyuma, narudi mbele, na salamu vilevile.

"Mwambie baba asante kwa kuja," Mama aliniambia.

Nikaenda nyuma. "Mama anasema asante kwa kuja."

"Mwambie mama asijali."

Nyumba ina chumba kimoja na ukumbi. Walikuwa wanasikiana vizuri tu. Nilibeba maneno mpaka miguu ikaniuma.

Ikola hadi juu ya mlima

Ijumaa nilitaka tuondoke alfajiri. Lakini Mama Zubeda akasema huwezi kumtoa mama yako Ikola bila dagaa, na dagaa wenyewe walikuwa bado kwenye vichanja ufukweni, na vichanja vilikuwa na umande, kwa hiyo tusubiri jua. Nikasema dagaa tutakula siku nyingine. Akaona nimemtukana. Mama naye akasema hapandi gari lolote kabla jirani yake hajaridhika. Tukasubiri dagaa wakauke. Halafu ikaja sala ya kumwombea safari njema, Mama Zubeda kwa dini yake, mjumbe wa jumuiya kwa dini yetu, kila mmoja hakutaka kumpita mwenzake kwa ufupi. Jua lilikuwa limeshapanda tulipofunga milango.

Mama alikataa kiti cha mbele. Nikamweka nyuma ya dereva ili mkwewe asimwone, akajifunika kanga mpaka kidevuni. Tukaondoka. Baada ya dakika chache lori likaanza kutupigia honi nyuma, likipiga na kupiga, Baba Editha hana habari. Nikatazama kioo cha nyuma kile cha katikati. Alikuwa amekigeuza kinatazama paa la gari.

"Baba Editha, kioo kimefanya nini?"

Akanong'ona. "Nikikiweka sawa namuona mkwe."

Yaani alikuwa anaendesha bila kuona nyuma, barabara yenye malori, kwa sababu ya adabu. Nilijikaza kisabuni. Nikaanza kazi ya kugeuka geuka mimi mwenyewe kumwambia lori linakuja, lori limepita.

Na mwendo ulikuwa umepungua zaidi. Siyo arobaini tena, ni thelathini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hawezi kumkimbiza mkwe wake kwenye mashimo kama mzigo wa mahindi. Lakini kupanda mlima alikuwa na furaha, maana injini inalia, gari linajikongoja, na namba imeshuka mpaka tano, mara nne.

"Unaona sasa? Mlimani gari hii haili kabisa."

Na hapo hapo ile taa ya njano ya mafuta ikawaka.

Aliitazama. Mimi niliitazama. Mama nyuma hakuwa anajua kitu kuhusu taa, lakini alisikia tumenyamaza wote wawili, akaacha kuimba wimbo wake wa chini chini.

Pale kwenye ng'ombe

Juu ya mlima tukakuta ng'ombe wanavuka barabara. Si ng'ombe kumi. Lilikuwa kundi la watu wenye mali, mapembe mpaka upeo wa macho, na wachungaji wako nyuma kabisa hawana haraka. Tukasimama. Mume wangu akaanza kuwasifia ng'ombe kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: hapa tulipo, Mpanda bado mbali, saa sita inakuja, mwendo thelathini, na mafuta yamebaki ya kupaka. Niliona wazi kabisa kwamba hatufiki. Nilimwona Mama amerudishwa Ikola anakaa mlangoni pake, ananyoosha mikono mbele mpaka siku atakapozikwa. Machozi yakanitoka, nikageukia dashibodi ili asiyaone.

Namba ilikuwa sifuri.

Nilikuwa nimeiona hivyo mara nyingi tukisimama, nikaipita. Safari hii niliikodolea macho.

"Baba Editha. Injini inawaka?"

"Inawaka."

"Inatumia nini? Ugali?"

"Unasemaje wewe?"

"Injini inanguruma. Inakunywa mafuta, lazima inywe. Namba inasema sifuri. Kama namba ni mafuta yanayonywewa, mbona sifuri?"

Nikaendelea, siwezi kusema kwa upole. Mteremkoni tulikuwa tumeachia mafuta kabisa na namba ikapanda hamsini. Mlimani gari linalia na namba inakuwa nne. Tumesimama, hatuendi popote, ni sifuri. Basi namba siyo kinachonywewa. Namba ni kilomita unazokwenda kwa lita moja. Namba kubwa ndiyo nzuri. Tangu ulinunue gari hili umekuwa ukitafuta mwendo mbaya kuliko yote, ukaupata, ukatutangazia mezani.

Ng'ombe walipita. Masikio yake yalibadilika rangi, nami namjua, hapo ndipo kichwa kinapokuwa kigumu zaidi.

"Wewe hujui Kijapani," alisema.

"Na wewe hujui."

"Hata kama. Hata kama ni hivyo unavyosema, siwezi kwenda sabini na mkwe wangu nyuma. Gari likiruka akaumia, nitamwambia nini? Nitawaambia nini ndugu zako? Wataniita mtu asiye na adabu."

Hapo hasira zilinipanda mpaka nikaishiwa maneno, jambo ambalo nyie mnajua halinitokei. Ng'ombe wa mwisho akavuka. Hakuondoa gari. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, amekwama kati ya mafuta na heshima.

Halafu ikatoka sauti nyuma.

"Baba."

Nilidhani ananipa mimi neno nimpelekee. Nikageuka. Mama alikuwa amesogeza kanga, uso wake umeelekea kisogoni kwa mume wangu.

"Baba, kanyaga. Nimechoka kupapasa."

Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kumwambia neno moja kwa moja. Baba Editha alikirudisha kioo mahali pake, akaondoa gari.

Hadi Mpanda

Alikwenda arobaini, namba tisa. Akaongeza. Hamsini, kumi. Ilipopita sitini, ile sauti ya injini iliyokuwa inalia siku zote ikalegea, kama mtu aliyetua ndoo, gia kubwa imeingia, na mshale wa mzunguko wa injini ukashuka. Namba ikapanda kumi na mbili, kumi na tatu. Sabini, kumi na nne. Alikuwa anatazama namba, anatazama barabara, anatazama namba. Kwenye mashimo alipunguza taratibu mapema, badala ya kukanyaga breki ghafla, na mteremkoni aliliachia liende lenyewe likiwa kwenye gia.

Tulipokanyaga lami karibu na mjini akapata tamaa, akaenda tisini. Namba ikaporomoka, kumi na moja, kumi. Nikamtazama. Akarudi sabini bila kuambiwa. Kumbe hata kukimbia sana ni ujinga ule ule, na jibu lilikuwa pale katikati siku zote, sitini na tano, sabini, mahali ambapo gia kubwa imeshaingia na upepo haujaanza kukusukuma kifuani. Wiki nzima ya Usevya alikuwa akilipita jibu hilo kila siku na kulikimbia.

Taa ya njano iliwaka mpaka tunaingia geti la hospitali. Tulifika saa sita ikiwa imeshagonga. Muuguzi mmoja alikuwa anakusanya viti. Akasema wamefunga. Nikafungua mdomo, lakini Mama alikuwa ameshashuka, amenyoosha mikono mbele yake, anamtafuta muuguzi kwa vidole. Alipompata alimshika mkono. Muuguzi akaangalia mkono ule, akaangalia nyuma yake ndani, akasema, "Haya, huyu wa mwisho. Wa mwisho kweli."

Walimpasua jicho moja alasiri ile ile. Asubuhi ya Jumamosi wakamfungua bandeji. Chumba kilikuwa na wazee wengi, wote wamekaa wima wanapepesa macho. Baba Editha hakuingia. Alisimama mlangoni, ametupa mgongo, anatazama ukuta wa korido.

Muuguzi akainua mkono mbele ya Mama. "Bibi, vidole vingapi?"

Mama alikuwa anatazama mlangoni.

"Yule aliyetupa mgongo ni nani?"

"Ni mkweo, Mama."

"Mwambie ageuke."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, bado anatazama ukuta. Nikamwambia tena, kwa sauti ambayo nyie mnaifahamu. Akageuka, macho yako chini kwenye sakafu, kofia kaikunja mikononi.

Mama alimtazama. Alimtazama kichwani, mabegani, mikononi, na viatu vyake vyenye matope ya Kabungu. Hakuharakisha. Muuguzi akashusha vidole vyake.

"Nilimpa mtu binti yangu," Mama alisema, "nikawa nimesikia sauti yake tu nyuma ya mlango. Nikasema nitamwona siku moja, tukizeeka, adabu ikilegea. Macho yakanitangulia kuondoka." Akamtazama tena kichwani. "Kumbe ameshaota mvi."

Kisha akavuta kanga usoni, akageukia ukutani, akaniambia mimi nimwambie mkwe wake kwamba ni mtu mwenye sura nzuri.

Nikamwambia. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kitandani na alikuwa amesikia kila neno, lakini alisubiri nimwambie.